Fungu la Nyuki

Sufuria ile niliitaka kabla sijamjua mwenyewe. Niliiona kwenye harusi ya Wazanzibari, jikoni mwa ukumbi wa kukodi huku Houston. Ilikuwa ya shaba, nzito, nje nyekundu, ndani imepakwa bati, na vishikio vyake vinene vinataka watu wawili. Sufuria za namna hiyo nilikuwa nimezisahau. Kwetu Mombasa zilikuwa za watu wa shughuli. Ukiiona imetolewa stoo unajua mtaani kuna jambo. Nikauliza ya nani. Nikaonyeshwa mwanamke wa Kihindi, mwembamba, amevaa sari ya kahawia na raba miguuni, anakoroga mbaazi za nazi huku akiwasimulia wapishi habari za Mombasa kwa Kiswahili ambacho mara ya mwisho nilikisikia kwa nyanya yangu.

Nikamwendea, nikamwomba aniuzie. Akacheka, akaniambia sufuria ni ya bibi yake mzaa baba, alikuja nayo kwenye ndege ameijaza nguo, na kitu cha marehemu hakiuzwi. Basi nikamwomba aje aniazime. Akasema bila shaka. Hivyo ndivyo tulivyoanza mimi na yeye, kwa mimi kutaka kitu chake.

Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama. Nilikianzisha mimi. Nalisema wazi kwa sababu siku hizi watu wanasahau. Tulikuwa wanawake wazungumzaji wa Kiswahili tuliotawanyika mji mzima: Waislamu wa pwani na Unguja, Warundi na Wakongo Wakatoliki waliokuja kama wakimbizi na kupangiwa nyumba Gulfton, na Wakenya wa bara wa Pearland wenye magari marefu. Kazi yetu ilikuwa kupika. Mtu akifiwa, au akiozesha mtoto, tunamwondolea mzigo wa jiko. Kanuni niliiweka mwenyewe na ilikuwa moja tu: kila nyumba ilete sufuria moja kubwa ya chakula cha kushibisha, pilau au mfano wake, hakuna mkubwa hakuna mdogo. Mwenye udhuru atafute wa kumpikia. Niliona hiyo ndiyo haki yenyewe. Aliyenung'unika nilimwambia kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, naye akinyamaza nilijua ameelewa.

Yule mama akahamia Pearland, mtaa wa nyuma ya kwangu. Mumewe alikuwa akifanya kazi ya maabara katika hospitali moja kule mjini, upande ule ule ninakofanya unesi. Nikamkaribisha kikundini mwenyewe, kwa mkono wangu. Siku ya kwanza aliingia amebeba sufuria ile ya shaba, akasimama mlangoni akatutazama, akasema, "Baniani mbaya, lakini kiatu nimekileta."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Methali hiyo sisi huisema Wahindi wakishaondoka. Yeye alijisemea mwenyewe na kututoa aibu sote. Mimi nami nilicheka. Nikiwa katikati ya kicheko nikakumbuka kwamba mizaha yangu haijawahi kumkalisha mtu chini. Nikaenda kuangalia wali.

Mwanzoni tulikuwa marafiki, sikatai. Alikuwa akipita kwangu jioni, tunakaa mbele ya gereji, tunakunywa chai ya tangawizi. Jioni moja alinikuta nimefura. Makadirio ya kodi ya serikali juu ya nyumba yalikuwa yamefika. Texas haikutozi kodi ya mshahara, na watu wa majimbo mengine wanatuonea gere kwa hilo, lakini kila mwaka wanakuja kukadiria nyumba yako kana kwamba umeipaka dhahabu usiku. Nililalamika mpaka chai ikapoa. Alinisikiliza, kisha akanisimulia habari za baba yake.

Baba yake alikuwa na duka la leso Mtaa wa Biashara. Mtu wa manispaa akiingia dukani, mzee alimkalisha, akamwagizia chai, kisha akamuuliza: leo umekuja kama nyuki au kama mchoma makaa? Yule mtu alikuwa akicheka kila mwaka bila kujua anachoulizwa. Mzee alikuwa akiuliza kwa dhati. Wazee wa Kihindu wa zamani sana, akaniambia, waliwafundisha wafalme wao kwamba kodi ichukuliwe jinsi nyuki anavyochukua utamu wa ua: anaingia, anapata fungu lake, anatoka, na ua linabaki ua. Au jinsi mfuma mashada anavyochuma yasimini na kuumwagilia mti maji. Mchoma makaa anachukua mpaka mzizi, na mwaka ujao hana pa kurudi. Katika mwaka mzuri fungu la mfalme lilikuwa kama sehemu moja ya sita ya mavuno. Ukame ukija analegeza, na ukizidi anafungua ghala lake. Wala fungu lile si haki yake ya kuzaliwa, ni ujira wa ulinzi. Raia akiibiwa na mwizi asipatikane, mfalme anamlipa kutoka nyumbani kwake mwenyewe. Mfalme anayekusanya bila kulinda, dhambi za watu wake zinamrudia yeye.

Nikamwambia mfalme wa aina hiyo sijamwona, si Mombasa si Texas. Akasema hata baba yake hakuwahi kumwona, ndiyo maana kila mwaka alikuwa akiuliza. Siku ile niliyapenda sana maneno yale. Siku ile mimi nilikuwa raia.

Msiba uliofuata ulikuwa wa familia ya Kirundi, na kikao cha kupanga chakula tulikifanyia Gulfton, nyumbani kwa mama mmoja wa Kirundi anayefua mashuka kwenye hoteli. Mama huyu alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa ukinichosha. Katika harusi iliyopita alikuwa ametumia siku yake ya mapumziko kupika, akaleta sufuria kubwa ya wali na maharage, na sufuria ikapotelea ukumbini. Hakuna aliyejua nani ameibeba. Sasa nilipokuwa nagawa kazi, alisema ataleta chakula chake kwenye mabakuli. Nikamkumbusha kanuni. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba sufuria yake ilibaki kule. Nikamjibu kwamba kila mtu na alinde chake, na mpaka leo sioni ubaya wa neno hilo. Ukumbi ulikuwa umejaa watu, na mimi si askari.

Ndipo yule mama wa Kihindi, aliyekuwa amekaa chini karibu na friji, aliponiuliza, "Dada, kule ukumbini alikwenda kwa shughuli yake?"

Nikasema la, alikwenda kwa shughuli yetu.

"Basi sufuria imepotelea mikononi mwetu."

Hakutaja nyuki, hakutaja mfalme wala duka la leso. Lakini mimi nilijua mwisho wa maneno yale, kwa sababu alinimalizia mwenyewe mbele ya gereji yangu, nikimmiminia chai yangu. Alijua kwamba najua. Wanawake wakaanza kunong'onezana. Mmoja akauliza kwa nini nyumba ya mfamasia wa Pearland na nyumba ya mtu aliyefika juzi kutoka kambini zinabeba mzigo mmoja. Nikasema swali hilo tutalijibu siku nyingine, nikafunga kikao.

Siku nyingine ilikuja mwisho wa mwaka. Sisi huchagua mwenyekiti kwa mlolongo: kila mtu anasimama nyuma ya anayemtaka, kwa sababu wengine hawasomi na wengine hawaamini vikaratasi. Ni njia nzuri mpaka iwe zamu yako. Nyuma yangu walisimama wachache, nusu yao wakwe. Nyuma yake mstari ulianza sebuleni, ukapinda, ukaingia jikoni. Shoga yangu wa miaka yote, tuliyekuja naye Marekani mwaka mmoja, alikuwa kwenye mstari ule anatazama dari. Binti yangu alikuwa amekuja kunibebea vyombo tu, hana kura. Alisimama upande ule.

Kwenye gari nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mom, she just asks people stuff." Eti yeye huwauliza watu hali tu. Nikawasha redio.

Alipokishika kikundi, kanuni yangu aliizika bila matanga. Kabla ya shughuli alikuwa akipiga simu nyumba kwa nyumba, na hakuuliza utaleta nini, aliuliza hali. Nani kapunguziwa saa kazini, nani ana mgonjwa, nani kafika juzi na bado analala na wanawe kwenye godoro moja. Akishajua ndipo anagawa. Mke wa mfamasia alipangiwa mbuzi na mchele wote. Mimi na manesi wenzangu, pilau. Mama wa Kirundi, kachumbari. Waliofika karibuni walitakiwa chumvi, au mikono yao ya kuosha vyombo, na aliwashukuru mbele ya watu sawa na walioleta mbuzi. Mwenye mgonjwa alipelekewa, hakuleta. Yeye mwenyewe alifika wa kwanza na mbaazi zake, na shughuli ikiisha alisimama mlangoni mpaka kila chombo kirudi kwa mwenyewe.

Na chakula kikaongezeka. Nilitarajia kipungue. Nilikuwa nimejitayarisha kusema, si niliwaambia?

Lakini kilichonikata maini kilikuwa sufuria. Kikundi hakikuwa na mfuko, tulichanga vyakula tu, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kumlipa mama wa Kirundi. Kabla hata ya shughuli yake ya kwanza, mwenyekiti mpya alikwenda Gulfton akampa ile sufuria ya shaba. Alimpa moja kwa moja, hakumwazima. Habari zilinifikia siku ile ile, watu wa namna hiyo hawakosekani. Nilivaa viatu nikaenda mtaa wa nyuma kwa miguu, na jua la Houston linavyochoma.

"Mimi nilitaka kuinunua," nikamwambia mlangoni. "Ukasema kitu cha marehemu hakiuzwi."

"Sikuiuza, dada."

Nikaomba maji, nikanywa, nikarudi nyumbani. Sikuwa naililia shaba, ingawa niliililia pia. Niliumia kwamba alikuwa na kitu ambacho mimi ningekificha kabatini na kukitoa siku ya harusi ya binti yangu, na yeye alikitoa kwa mtu anayefua mashuka kwa sababu tu alikuwa amekalia kiti changu na kiti kilimdai. Mimi kiti kile nilikikalia miaka na hakijawahi kunidai kitu. Nilimwonea wivu.

Mume wangu ni dereva wa lori. Akirudi safari husikiliza zaidi ya kusema. Nilimweleza yote, nikamalizia kwamba huyu Baniani ametuletea mambo ya wafalme wao na sisi tuna dini yetu. Akatafuna chapati yake mpaka ikaisha. Kisha akauliza kama kwenye zaka asiyefikia kiwango hutozwa. Nikamwambia zaka ni zaka na pilau ni pilau. Akasema sawa. Hilo "sawa" lilikaa nami jikoni wiki nzima, kwa sababu niliona haya: haki ile ilikuwa mlangoni kwetu siku zote, na nimekuja kukumbushwa na mtu anayewasha taa kwa miungu yake.

Nikasema aliyeko juu mngoje chini. Nikangoja. Na kungoja kukinichosha nikasaidia kidogo. Nilimpigia mke wa mfamasia nikamwambia, kwa kumhurumia, kwamba naona anakamuliwa, mbuzi kila shughuli si mchezo. Akacheka.

"Aki sister, zamani nilikuwa na-drop ile sufuria naenda zangu, hata sijui ni nani amekufa," akasema. "Sasa huyu mama ananipigia, ananiambia nani ana-struggle. Nikileta mbuzi najua amefika kwa nani. Mimi hata naweza ku-add."

Nikamwambia Mungu amzidishie. Nikakata simu.

Kisha ukaja mwaka wa kimbunga. Hapa Houston hatukisimulii sana, kila mtu ana chake. Changu kiling'oa vigae vya paa, maji yakaingia, dari ya sebule ikavimba ikashuka juu ya makochi. Umeme ulikatika siku nyingi mno. Nyama yote ya friza tuliitupa, bima ilikuwa inasema subiri, na mume wangu alikuwa amekwama na lori jimbo jingine. Kazini nilikuwa naenda hivyo hivyo, nywele nimezifunga kilemba kwa kukosa maji ya moto.

Katikati ya hayo kulikuwa na harusi ya mtoto wa mama mmoja wa Kikongo, kule Gulfton. Mwenyekiti akaniachia ujumbe wa sauti, taratibu, kwa Kiswahili chake kile cha nyanya yangu. Alisema nyumba yangu mwaka huu haitakiwi kitu. Nipumzike.

Niliusikiliza nikiwa nimesimama katikati ya sebule isiyo na dari. Sijawahi kuvuliwa nguo mbele za watu, lakini nadhani ni vile. Mimi niliyekianzisha kikundi nilikuwa nimewekwa pamoja na wenye wagonjwa na waliofika juzi. Nilijua alikwisha kuwaambia wengine, maana mgawo lazima watu waujue, na nilijua wamesema maskini, maskini ya Mungu. Nikaenda kununua nyama.

Nilipika biriani uani, kwa makaa, kwa sababu sikuwa na umeme, na pia kwa sababu nilikumbuka baba yake alikuwa na neno gani kuhusu makaa. Binti yangu alinipepelea moto na hakuniuliza kitu. Nilitumia zafarani niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya Idi. Tukaifunga sufuria kwa leso, tukaiweka garini, nikaendesha mpaka Gulfton madirisha yamefungwa ili harufu isipotee.

Nilimkuta mlangoni, mahali pake pa kawaida.

"Dada yangu, si nilikuambia upumzike?"

"Nilikuomba unisamehe?"

"Mwaka wa ukame mfalme hatozi."

"Mimi si raia wako," nikasema.

Hakukasirika. Laiti angekasirika ningekuwa nimeshinda kitu siku ile. Alishika kishikio kimoja cha sufuria yangu, mimi nikashika cha pili, tukaiingiza ndani. Biriani lilisifiwa na kila aliyelila. Yeye hali nyama, lakini alichota wali wa pembeni usiogusa nyama, akaonja zafarani, akafumba macho.

Pwani chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Nilijua hivyo, na nilitumaini atasahau. Nilipokabidhiwa sufuria jioni ilikuwa nzito. Ndani mlikuwa na mbaazi, chapati zilizofungwa kwa kitambaa, na bakuli la mbuzi wa mfamasia. Kuanzia kesho yake, kila jioni nyumba moja ilileta chakula cha moto mlangoni kwangu mpaka umeme uliporudi. Hakuna aliyesema ni zamu. Lakini zamu naijua, nimezipanga miaka. Zile mbaazi nilikataa kuzigusa mpaka watoto wakalala, kisha nikazila nimesimama karibu na sinki, kwa kijiko kikubwa. Zilikuwa tamu. Nikamchukia kwa hilo pia.

Mwaka uliofuata alituaga. Mwanawe alikuwa amepata kazi upande wa Fort Worth, mkwewe anakaribia kujifungua, na wamepata nyumba Haltom City. Wanawake walilia. Mimi nilimsaidia kubeba masanduku, kwa bidii. Nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Tulipopanga mlolongo, wote walisimama nyuma yangu, maana hapakuwa na mwingine wa kusimama nyuma yake.

Nilikuwa nimeazimia kurudisha kanuni yangu. Shughuli ya kwanza ilikuwa msiba. Nikachukua simu kuwaambia watu kila nyumba sufuria moja. Wa kwanza kupokea aliniambia moja kwa moja kwamba mumewe amesimamishwa kazi kiwandani, kisha akangoja. Alikuwa ameshazoea kuulizwa, amenitangulia tu. Nikajikuta nasema basi wewe lete chumvi. Wa pili vivyo hivyo. Kufika jioni nilikuwa najua hali ya mji mzima na kichwa kinaniuma. Kule msibani hotipoti ya mama mmoja wa Unguja ikatoweka, na watu wote wakanigeukia mimi, kwa adabu kabisa. Nikampa yangu, mpya, yenye maua ubavuni. Nilinung'unika mpaka nyumbani. Na unajua walisema nini? Walisema, "Kama yule." Hotipoti ni yangu, miguu iliyosimama mlangoni ni yangu, sifa zimepanda gari kwenda Haltom City.

Mwezi wa pili wa kiti changu, mama wa Kirundi aliniomba nimpeleke huko huko. Mjukuu wa dada yake alikuwa anabatizwa, na yeye haendeshi barabara kuu. Nikasema sawa, nina siku ya mapumziko. Sikumwambia kwamba nilitaka kuona huyo mwenzetu anaishije bila sisi. Nilitaka nimkute amekaa tu, mwanamke mzee kwenye nyumba ya mkwe, anatazama televisheni.

Sufuria ya shaba ilikuja nasi, kiti cha nyuma, imefungwa mkanda. Njiani mama wa Kirundi aliniambia kwamba yule mama wa Kihindi alipohama yeye alitaka kumrudishia, mwenyewe akakataa. Akaniambia pia kwamba siku zote nilizokuwa naitazama ile sufuria ningeweza kuiazima. "Ulikuwa unaiangalia sana, mama, ila haukuomba," akasema. Nikaongeza mwendo.

Tulimkuta kwenye ua wa nyuma wa nyumba ya watu wa ubatizo, katikati ya wanawake ambao sijawahi kuwaona. Walikuwa Warundi, Wakongo, na wengine wa wapi sijui, wanaitana kwa Kiswahili cha kila namna. Hakuwa amekaa. Alikuwa na ile sari ya kahawia na raba zake, anapita kwa mmoja mmoja anauliza hali. Msichana mwenye mtoto mchanga aliambiwa akae kivulini, ndiyo kazi yake ya leo. Mwanamke mmoja mnene mwenye sare ya hospitali aliambiwa mchele wote ni wake, akapiga makofi kwa furaha utadhani kapewa zawadi. Mwingine alipewa kuchuma dania. Wakamwita "mama yetu".

Aliponiona alinikumbatia muda mrefu. Akasema mgeni njoo mwenyeji apone, akaniletea kiti chenye mto, na soda, na sahani ya bhajia, akamwambia mtu asinisumbue kwa kazi, nimetoka mbali. Kisha akarudi kwa watu wake.

Nilikaa. Nikala bhajia. Wivu wa Houston nilikuwa nimeuzoea, tulikuwa tunalala nao. Ule ulikuwa wa kutaka alicho nacho, sufuria, kiti, mlolongo unaopinda mpaka jikoni. Huu wa Haltom City ulikuwa mwingine na ulinijia bila hodi. Niliwaonea wivu hawa wanawake, ambao hawaijui Mombasa iko upande gani wala hawajui baba yake aliuza nini, wanaitwa mmoja mmoja na kupewa kila mtu fungu lake kwa kipimo chake. Mimi alikwisha kunipimia, na nilimrudishia mlangoni. Sasa nilikuwa mgeni mwenye mto.

Nikaweka soda chini, nikamwendea.

"Na mimi nitoze," nikamwambia.

Akanitazama. Hakujifanya amesahau, kwa hilo namshukuru.

"Si ulisema wewe si raia wangu?"

"Nilisema."

Wanawake waliokuwa karibu walisimamisha visu, hawakuelewa kitu. Alipangusa mikono kwenye sari, akavuta kinu kutoka chini ya meza, akakijaza vitunguu thaumu na tangawizi, akakisukuma mbele yangu.

"Fungu lako, dada. Na ukimaliza kuna kingine."

Nikakaa chini, katikati ya wawili wao, nikatwanga kwa nguvu kuliko thaumu inavyotaka. Nyuma yangu ile sufuria ya shaba ilikuwa inapandishwa jikoni. Yule mwenye sare ya hospitali, aliyekuwa akichambua mchele ubavuni kwangu, akaniuliza kama mama yao namjua tangu zamani.

"Tangu kabla yako," nikamjibu, nikaendelea kutwanga.